Kwa Nini Muvi Hii Inagoma Kwenye Simu Yako

Peleka memori kadi kwenye duka la kuweka muvi, iwe Kariakoo au Gikomba, ujaziwe tatu za mwisho wa wiki. Ukifika nyumbani, ya kwanza inafunguka bila tatizo. Ya pili inatoa sauti tu, kioo kimebaki cheusi. Ya tatu picha inakwenda vizuri, waigizaji wanapanua midomo, lakini hakuna neno linalosikika. Wengi humlaumu kijana wa dukani, wengine huilaumu simu. Wenye haraka huingia Play Store na kupakua programu tano za kuchezea video kwa mpigo, kila moja na matangazo yake, na zote zikagoma palepale.

Muvi ya pili na ya tatu hazina kasoro moja. Chanzo cha kila moja ni tofauti, na hakuna kati ya vyanzo hivyo chenye uhusiano mkubwa na zile herufi za mwishoni mwa jina la faili, MP4 au MKV au AVI, ambazo ndizo watu huzitazama kwanza. Ili kuelewa kinachotokea inabidi kwanza tujue filamu ya saa mbili inawezaje kuingia kwenye kadi ndogo kama ile, kwa sababu ukipiga hesabu za kawaida, haiingii.

Hesabu zenyewe ni hizi. Picha ya HD kamili ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kwenda juu, jumla pikseli 2,073,600. Kila pikseli inahitaji baiti tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 6 kwa picha moja iliyosimama. Video huonyesha picha kama 25 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja tu ni megabaiti 155 na ushei. Kadi ya GB 64 ingejaa kabla dakika ya 7 haijatimia, na filamu nzima ya saa mbili ingehitaji zaidi ya GB 1,100. Bado hatujaweka sauti. Lakini filamu hiyohiyo unaipata dukani kwa GB moja na nusu, nayo unaitazama bila kulalamika. Imepunguzwa zaidi ya mara 700, na sehemu kubwa ya kilichotupwa hukuhisi kwamba hakipo.

Siri ya kwanza iko kwenye jicho lenyewe. Jicho la binadamu hutofautisha mwanga na giza kwa makini sana, hata kwenye vitu vidogo, lakini kwenye rangi si hodari kiasi hicho. Wahandisi wa televisheni ya rangi nchini Marekani walilitumia jambo hili tangu miaka ya 1950: mwanga walirusha kwa ukamilifu, rangi wakairusha kwa ufupi, na mtazamaji hakujua. Zanzibar ilipokuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika kuwa na televisheni ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ujanja huo tayari ulikuwa ndani ya mawimbi yaliyofika Darajani na Ng'ambo. Video ya simu yako inafanya vilevile. Kila pikseli nne hupewa namba nne za mwanga, lakini hugawana rangi moja. Kwa hatua hiyo peke yake nusu ya mzigo imeondoka.

Siri ya pili ndiyo kubwa zaidi, na aliyeigundua hajulikani kama anavyostahili. Nasir Ahmed alizaliwa Bangalore, India, akaenda kusoma Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 1972 aliomba fedha kwa mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani ili achunguze njia mpya ya kubana picha kwa kutumia kosaini, lile wimbi la hesabu za pembetatu tunalokutana nalo sekondari. Alinyimwa. Baadaye aliandika kwamba mmoja wa waliolipitia ombi lake aliona wazo lenyewe ni rahisi mno. Alilifanyia kazi hivyohivyo, katika likizo ya kiangazi ya 1973, bila ruzuku. Januari 1974 yeye, mwanafunzi wake T. Natarajan, na K. R. Rao wa Texas walichapisha makala fupi ya kurasa chache. Leo hakuna picha ya JPEG unayoituma, wala wimbo wa MP3, usiotegemea hesabu zile au mtoto wake wa karibu, na kwa video karibu hadithi ni hiyohiyo.

Wazo lenyewe, kweli, si gumu. Chukua kiraba kidogo cha picha, pikseli nane kwa nane, jumla 64. Njia ya kawaida ni kuandika namba 64, moja kwa kila pikseli. Ahmed alikieleza kiraba kizima kama mchanganyiko wa mawimbi. Moja ni bapa kabisa, ambalo ni wastani wa mwanga wa kiraba chote. Mengine yanapanda na kushuka taratibu kutoka upande hadi upande. Mengine yanapanda na kushuka kwa haraka. Yote pamoja ni 64, kwa hiyo mpaka hapo hakuna kilichopungua. Faida inatokana na tabia ya dunia yenyewe. Ukuta, anga, shavu la mtu, shati la rangi moja: havibadiliki ghafla kutoka nukta moja hadi jirani yake. Basi uzito wote unajikusanya kwenye namba chache za mawimbi ya taratibu, na namba za mawimbi ya haraka zinatoka ndogo, karibu na sifuri. Hizo ndogo zifanye ziwe sifuri kabisa. Jicho halitazidai. Kisha mfululizo wa sifuri arobaini unaandikwa kwa alama moja fupi, na kiraba kilichokuwa namba 64 kinabaki na namba tano au sita za maana.

Unaweza kukiona kiraba hicho kwa macho yako. Tazama video iliyobanwa kupita kiasi, hasa penye anga la usiku au moshi, utaona picha imegawanyika miraba miraba. Pale aliyebana alikuwa bahili, akakata mpaka kikabaki karibu na ule wastani peke yake, na kiraba kikaachana na majirani zake. Kila video inapofunguliwa na kubanwa upya, hukatwa tena juu ya ilikokatwa. Ndiyo maana muvi iliyotafsiriwa, ambayo imepita kwenye kompyuta ya mtafsiri ikaingizwa sauti yake na kubanwa kwa mara nyingine, mara nyingi ina ukungu kuliko ile aliyoanza nayo. Si kosa la mtafsiri kama DJ Afro.

Siri ya tatu ni kutosema jambo mara mbili. Mtangazaji akisoma taarifa ya habari, nyuma yake hakuna kinachosogea. Kwa nini kuandika ukuta uleule mara 25 kwa sekunde? Video huandika fremu moja kamili, halafu fremu zinazofuata husema tu kilichobadilika: kiraba hiki kimehama pikseli sita kushoto, kile kimebaki vilevile. Ndiyo maana mechi ya Simba na Yanga, ambapo kamera inakimbia na majani yote ya uwanja yanahama, hula megabaiti nyingi kuliko mahubiri ya urefu uleule, kama zote zimebanwa kwa ubora mmoja. Ndiyo maana pia ukirukia katikati ya muvi wakati mwingine unaona sura ya mtu imepakwa kijivu na kuburutika kwa sekunde moja hivi. Programu imepokea maelezo ya mabadiliko kabla ya kuipata picha kamili ya kuyabadilisha.

Sasa, mtu akiamua kuandika kanuni zote hizi kwa mpangilio fulani, akataja ukubwa wa viraba, jinsi ya kukata, jinsi ya kufupisha sifuri, hapo ametengeneza kodeki. Na ziko nyingi. Kundi la wataalamu liitwalo MPEG, lililoanzishwa mwaka 1988 na Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani, lilitoa ya kwanza iliyoingia kwenye VCD na ya pili iliyoingia kwenye DVD, zile sahani zilizotuletea filamu za Bongo za enzi za mwigizaji Kanumba. Mwaka 2003 ikaja H.264, ambayo mpaka leo ndiyo inayoeleweka na karibu kila simu. Mwaka 2013 ikaja H.265, pia huitwa HEVC, yenye kutoa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya ukubwa. Google wakatoa VP9 mwaka huohuo. AV1 ikafuata 2018. Zote ni ukoo mmoja, zote zina alama za vidole za Ahmed, lakini hazisomani. Programu inayojua H.264 peke yake, ikipewa H.265, haina la kufanya.

Herufi za mwishoni mwa jina hazikwambii lolote kuhusu hilo. MP4, MKV na AVI ni majina ya makasha. Kasha linabeba mkondo wa picha, mkondo wa sauti, pengine sauti mbili tatu za lugha tofauti, na maandishi ya chini. MP4 mbili zinaweza kuwa na kodeki tofauti kabisa ndani yake, na MP4 na MKV zinaweza kuwa na kodeki ileile. Mtu anayesema simu yake inacheza MP4 anakueleza anachojua kuhusu kasha tu. Kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4, dawa ambayo bado inazunguka mitaani, ni kubandika lebo mpya juu ya kasha lilelile.

Hapo unaweza kurudi kwenye muvi mbili zilizogoma. Ile yenye sauti na kioo cheusi: simu imelifungua kasha, imeielewa sauti, lakini kodeki ya picha haiijui. Mara nyingi ni H.265, na mara nyingi zaidi ni aina yake yenye rangi za biti kumi, ambayo simu nyingi za bei nafuu hazikuandaliwa kwa ajili yake. Jambo hili huwapata pia watu wasionunua muvi. Tangu 2017, simu nyingi za iPhone hurekodi kwa H.265 zisipoambiwa vinginevyo. Shemeji aliyerudi kutoka ng'ambo anarekodi harusi, anawarushia ndugu faili lenyewe, na nusu ya ukoo wanasikia vigelegele bila kumwona bibi harusi. Kwenye iPhone hiyo, katika mipangilio ya kamera upande wa fomati, kuna chaguo lililoandikwa "Most Compatible". Akilichagua, zitakazofuata zitarekodiwa kwa H.264. Zilizokwisharekodiwa hazibadiliki.

Ile ya picha bila sauti ni habari ya fedha. Filamu nyingi zinazotoka kwenye diski au huduma za mtandaoni hubeba sauti za Dolby au DTS, zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi na spika nyingi. Sauti hizo zina wenyewe. Kampuni inayotaka kuiwezesha programu yake kuzisoma hutakiwa kuwa na leseni. MX Player, programu inayopendwa sana Afrika Mashariki na India, iliwahi kuziondoa sauti hizo kwa sababu hiyo, na watumiaji wakaanza kuona ujumbe kwamba aina hii ya sauti haitumiki. Programu ilikuwa na uwezo, ila ilikosa ruhusa.

Kesi ya H.265 ilikuwa mbaya zaidi. Wenye hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, walijigawa makundi zaidi ya moja, kila kundi likitaka malipo yake, na mtengenezaji hakuweza kujua kwa hakika jumla ya anachodaiwa. Mwaka 2015 Google, Amazon, Netflix, Microsoft, Mozilla, Cisco na Intel waliungana kutafuta kodeki isiyodaiwa ada, na matunda ya muungano huo ndiyo AV1. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini fomati ni nyingi kiasi hiki, sayansi inajibu sehemu ndogo tu ya swali. Sehemu kubwa inajibiwa na mawakili.

Ni kwa sababu hiyo jibu la swali la muvi iliyogoma halikutoka kwenye kampuni kubwa. Lilitoka kwenye bweni la wanafunzi.

Mwaka 1996, wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, pale Châtenay-Malabry nje kidogo ya jiji, walikuwa wamechoshwa na mtandao wa chuoni uliokuwa mzito. Walitaka kucheza gemu. Sababu hiyo haiwezi kuombewa fedha, wakatafuta nyingine: kupokea televisheni kwa dishi moja na kuisambaza kwenye vyumba vyote kupitia mtandao mpya. Wafadhili wakakubali, mtandao ukajengwa, na programu ya kusambaza na kuonyesha video ikazaliwa. Mwaka 1998 iliandikwa upya kutoka mwanzo. Tarehe 1 Februari 2001 uongozi wa chuo ulikubali itolewe kwa leseni huria ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuitumia, kuisoma na kuibadilisha bure. Ndiyo VLC. Ile koni ya rangi ya chungwa inayowekwa barabarani, ambayo ndiyo nembo yake mpaka leo, ilitokana na tabia ya wanafunzi hao ya kurudi bwenini na koni walizookota usiku wa starehe.

Sambamba na wao alikuwepo Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, ambaye mwaka 2000 alianzisha FFmpeg. Hii haina sura ya kuonekana kwenye simu. Ni mkusanyiko wa misimbo ya kufungua na kubana karibu kila aina ya picha na sauti iliyowahi kutumika. Ndani ya VLC imo FFmpeg, na programu nyingi nyingine za kuchezea video, zikiwemo zenye matangazo kibao zinazojidai kuwa na teknolojia yao wenyewe, zinaitegemea. Hata chombo cha Perseverance kilipotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2021, video za kutua kwake zilibanwa kwa FFmpeg kabla ya kurushwa duniani.

Kazi ya watu hawa haikuwa kusoma vitabu vya viwango peke yake. Kodeki nyingi za zamani, kama za RealVideo na Windows Media, zilifungwa kwa siri na wenyewe. Watu wa kujitolea walizichambua programu hizo hatua kwa hatua, wakitazama kilichoingia na kilichotoka, mpaka wakaweza kuandika msimbo wao wenye kufanya kazi ileile. Hiyo nayo ni sayansi, ingawa haina maabara wala makoti meupe. Ndiyo maana leo ukikuta kwenye VCD ya harusi ya miaka ya nyuma faili linaloitwa AVSEQ01.DAT, ambalo simu haijui hata kama ni video, VLC inaweza kulifungua. Ndani yake mna MPEG ya kwanza kabisa. Vivyo hivyo klipu za 3GP kutoka kwenye simu za batani, na AVI za miaka ile ya kodeki ya DivX. Android yenyewe haiitaji hata AVI kwenye orodha ya makasha inayoyatambua rasmi.

Kwa nini basi simu isije na uwezo huo tangu kiwandani? Leseni ni sababu moja. Nyingine ni betri. Ndani ya simu kuna sehemu ya chipu iliyochongwa kwa kazi moja tu: kufungua kodeki kadhaa maalumu. Haifanyi kingine, na kwa hiyo inafanya kwa umeme kidogo sana. Video ikija kwa kodeki ambayo sehemu hiyo inaijua, simu inabaki baridi na muvi inaisha na chaji ipo. Ikija isiyojulikana, kazi inahamia kwenye prosesa kuu, ambayo inaweza kufanya hesabu yoyote lakini kwa gharama. Simu inapata moto, chaji inashuka, na kama prosesa ni dhaifu, picha inakatakata huku sauti ikitangulia. Kwenye MX Player utaona herufi HW na SW. HW ni ile chipu, SW ni prosesa. Kwenye VLC mpangilio huo uko kwenye eneo la kuongeza kasi kwa kutumia maunzi. Muvi ikionyesha rangi za ajabu au kijani kitupu, hamisha kutoka chipu kwenda prosesa. Ikikatakata na simu ikichemka, fanya kinyume chake. Jaribio hilo hutibu mengi kuliko kupakua programu ya sita.

Chipu haibadilishwi baada ya simu kutoka kiwandani, lakini prosesa inaweza kufundishwa kazi vizuri zaidi. AV1 ilipotoka, karibu hakuna simu iliyokuwa na chipu yake. Watu wa VideoLAN, wanaoitengeneza VLC, wakaandika kifunguzi kiitwacho dav1d, sehemu kubwa yake kwa lugha inayokaribia ya mashine, amri moja moja, wakizipanga ili prosesa ya simu ya kawaida isipoteze hata hatua. Matokeo yake simu za bei ya kati zisizo na chipu ya AV1 zikaweza kuonyesha video zake bila kukwama. Mwaka 2024 Google nao walianza kukiingiza kifunguzi hicho kwenye simu za Android.

Nikiulizwa niweke programu gani moja, nasema VLC. Haina matangazo, haitaki ujisajili, na iko kwa Android, iPhone na kompyuta. Sura yake haivutii sana, na kupangilia muvi kwenye folda kunaweza kumchosha mtu aliyezoea programu zenye madoido. Aliyewahi kuitumia MX Player kwa kuteleza kidole kuongeza sauti na mwanga hataona ajabu kubwa, kwa sababu VLC nayo inafanya hivyo. Anayetaka nyepesi zaidi na asiyejali menyu zenye maneno magumu ajaribu mpv, nayo ni huria. Mbili zinatosha. Zaidi ya hapo ni kujaza simu.

Jambo la kuangalia ni wapi unaipata. Kwa kuwa VLC ni huria, yeyote anaweza kuchukua msimbo wake, akabandika matangazo, akaipa jina linalokaribiana na kuirudisha sokoni. Tafuta iliyotolewa na watengenezaji wake, Videolabs au VideoLAN. Tovuti inayokwambia muvi haichezi mpaka upakue kodeki ya pekee kutoka kwao, ifunge. Na faili linaloishia na .apk si video hata kama katikati ya jina limeandikwa mp4. Hiyo ni programu inayoomba kuingia kwenye simu yako. Usiahirishe pia masasisho. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Check Point walionyesha kwamba hata faili dogo la maandishi ya chini lingeweza kutengenezwa kwa hila likampa mtu mbaya udhibiti wa kompyuta kupitia vichezeo kadhaa, VLC na Kodi zikiwemo. Tundu lilizibwa, lakini aliyezibiwa ni yule aliyesasisha.

Yapo mafaili ambayo VLC nayo itayashindwa, na hapo usiitukane. Kama faili limekataa kuingia kwenye memori kadi na nafasi ipo, angalia ukubwa wake. Kadi na flashi zilizopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 hazipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama kuna GB 50 tupu. Dawa ni kuiformati kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, kwa sababu kuformati kunafuta vyote. Kama limeingia lakini halifunguki popote, yaelekea halikukamilika. MP4 hutunza fahirisi yake, inayoeleza kila fremu iko wapi, mahali pamoja, na mara nyingi mahali hapo ni mwishoni kabisa. Bando likikata zikiwa zimebaki asilimia mbili, au flashi ikachomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, fahirisi ndiyo inayokosekana. Faili linaonekana limejaa, ukubwa wake karibu uleule, lakini hakuna programu inayojua pa kuanzia. MKV na AVI zilizokatika husamehe zaidi, hucheza mpaka pale zilipoishia. Kwa MP4, rudi dukani, linganisha ukubwa wa faili lako na la kwenye kompyuta yao mpaka baiti ya mwisho, linakili upya, na umsubiri kijana aitoe flashi kwa utaratibu.